Pima, Kata, Bandika: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Usanifu Majengo wa Pwani ya Tanga

Kila mwaka wapo vijana wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga wanaokwenda kusomea usanifu majengo, wengi katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Muhula wa kwanza haujaisha wanakuwa wameshajua kwamba kozi nzima inazunguka studio, na kwamba studio inadai mambo matatu kutoka mikononi mwao: mchoro, modeli na montaji, yaani picha inayoundwa kwa kukata na kuunganisha picha na michoro mbalimbali. Makala hii ni yao. Ni ya kijana wa kidato cha sita anayeitamani njia hiyo, na ya mzazi anayeona mwanawe amerudi likizo na kujaza vipande vya boksi sebuleni.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi katika studio ni la mpangilio wa kazi. Mwanafunzi hubuni jengo lake kichwani au kwenye kompyuta, akamaliza, kisha usiku wa mwisho kabla ya kwenda mbele ya jopo la walimu anakata na kubandika modeli ili meza isiwe tupu. Asubuhi mwalimu anamuuliza: upepo wa kusi unaingilia wapi? Maji ya paa yanakwenda wapi? Mama mwenye beseni la samaki kichwani anapita mlango upi? Majibu hayapatikani, kwa sababu modeli ilitengenezwa baada ya maamuzi yote kupita. Ilikuja kupamba.

Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: mchoro, modeli na montaji ni vyombo vya kuuliza kabla ya kuwa vyombo vya kuonyesha. Kuuliza si ujinga, na kwa msanifu ndiyo kazi yenyewe. Kila chombo kina swali lake. Mchoro unauliza kiasi gani: urefu, upana, kina, umbali. Modeli inauliza inasimamaje, na jua, upepo na mvua vinaifanya nini. Montaji inauliza jengo hili litakaa vipi na watu na vitu vilivyokuwepo kabla yake. Ukilijua swali, utajua chombo cha kuchukua.

Anza kwa kupima kilichopo

Kabla hujabuni chochote, pima jengo lililokwishajengwa. Mwanafunzi wa Tanga ana bahati hapa, maana ndani ya safari fupi anapata majengo ya zama nyingi. Kusini mwa mji, kando ya njia ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni: msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yenye minara, ambayo mingi imeanguka. Katikati ya mji lipo boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Ng'ambo ya reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ipo Ngamiani na barabara zake zinazoitwa kwa namba, na nyumba za Kiswahili ambazo ukiijua moja umepata ufunguo wa nyingi: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo.

Kama ni mara yako ya kwanza, ningekushauri uchague nyumba ya Ngamiani. Ni ndogo kiasi cha kupimwa kwa siku moja, watu wanaishi ndani yake, na wenyewe watakueleza kwa nini iko ilivyo. Nenda asubuhi, piga hodi, toa shikamoo kwa wakubwa, jieleze wewe ni mtoto wa nani na unasoma nini, na omba ruhusa chumba kwa chumba. Uani usiingie mpaka umekaribishwa. Ukinyimwa, shukuru na uende nyumba ya pili. Tongoni ni eneo la mambo ya kale lenye ulinzi wa kisheria: fuata utaratibu wa kuingia, na usipande ukuta wala kuegemeza ngazi. Jiwe lililokaa mamia ya miaka linaweza kutoka kwa mguu mmoja.

Vifaa ni vichache. Futi kamba ya mita 5 na nyingine ya mita 30, daftari gumu, penseli, timazi, kamba, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwa ajili ya levo. Mpira huo, ambao mafundi wetu wanautumia kila siku, ukijazwa maji bila mapovu ya hewa utakuonyesha kwa uhakika kama sakafu ya baraza na sakafu ya ua ziko usawa mmoja, hata zikiwa pande mbili za nyumba. Nendeni wawili au watatu: mmoja ashike mwanzo wa futi, mwingine asome, wa tatu aandike.

Yapo mazoea manne ya upimaji yatakayokuokoa. Kwanza, chora ramani ya mkono kwanza, kubwa, ndipo uandike vipimo juu yake. Pili, acha mwanzo wa futi ukutani pale pale na usome vipimo vyote mfululizo kutoka sifuri. Ukipima kipande kwa kipande, kila kosa dogo linaongezeka juu ya lililotangulia. Tatu, kila chumba pima na mishazari yake miwili, maana nyumba za zamani hazina pembe mraba kamili, na bila mishazari chumba chako hakitafunga kwenye karatasi. Nne, weka alama ya kaskazini kwenye kila ukurasa. Ukirudi nyumbani, chora usiku ule ule. Kesho yake utakuwa umesahau mlango ulifungukia upande gani.

Sababu ya kupima kwanza ni kwamba vipimo vya zamani vina akili ndani yake. Ukipima vyumba vya nyumba za mawe za pwani, Pangani au Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakuta vingi ni virefu lakini vyembamba, upana ukizunguka mita mbili na nusu hadi tatu. Upana huo uliamuliwa na boriti ya mkoko: dari ilibebwa na boriti, na boriti ina urefu ambao ikiuzidi inapinda chini ya mzigo wa mawe na chokaa. Kwa hiyo umbo la chumba lilianzia kwenye mti wa pwani. Mwanafunzi aliyelipima hilo kwa futi yake hatachora ukumbi wa mita 9 bila kujiuliza paa litabebwa na nini.

Mchoro: mkato kabla ya sura

Sasa tuchukue kazi moja ya studio tuifuate hadi mwisho. Tuseme umepewa kubuni banda la kupokelea samaki na kuanikia dagaa Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Kishawishi cha kwanza ni kuchora sura ya mbele, paa zuri, nguzo, minazi miwili. Jizuie. Anza na mkato: kata ardhi kutoka majini, pwani, kwenye mchanga, ndani ya banda, mpaka barabarani, na uchore kinachoonekana pale ulipokata.

Mkato utakuuliza mambo ambayo sura inayaficha. Katika pwani hii bamvua inaweza kutofautisha maji kujaa na maji kupwa kwa zaidi ya mita 3. Kwa skeli ya 1:50, ambapo kila mita ni sentimita 2, hizo ni sentimita 6 za karatasi, na haziwezi kupuuzwa. Chora mistari miwili: maji yanapofika mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na yanapoishia yakikupwa siku hizo hizo. Waulize wavuvi alama za bamvua kubwa waliyowahi kuiona. Hapo sakafu ya banda lako itapata mahali pake kwa hoja.

Chora mkato huo na watu ndani yake. Mtu wa mita 1.65 kwa skeli ya 1:50 ana sentimita 3.3. Mchore mama na beseni kichwani uone kama anapita chini ya ukingo wa paa bila kuinama. Mchore mwanamume aliyechuchumaa akisafisha changu uone meza inamfaa au afadhali sakafu iliyoinuliwa. Chora mkono unaofikia kichanja cha dagaa. Vipimo vya mwili ndivyo vitakavyokupa vipimo vya jengo.

Skeli zina kazi tofauti, na wanafunzi wengi huchagua yoyote inayojaza karatasi. 1:500 ni ya kuona kijiji, njia na ufuko. 1:200 ni ya kupanga majengo na nafasi kati yake. 1:100 na 1:50 ni za vyumba, milango na watu. 1:20 na chini yake ni za viungo: nguzo inashikaje zege, bati linashikaje kenchi, maji yanatokaje sakafuni. Ukiwa bado hujaamua banda liangalie wapi, usichore 1:20. Na ukiwa umefika wiki ya mwisho bado uko kwenye 1:200, jengo lako bado ni wazo.

Kuhusu mkono na kompyuta, tumia vyote, kwa zamu. Penseli ni ya haraka na haina aibu, inaruhusu kukosea. Weka karatasi angavu juu ya mchoro wa jana, chora upya kinachofaa, na achana na kisichofaa, mara nyingi kadiri karatasi inavyoruhusu. Kompyuta ifuate unapohitaji usahihi na marudio. Ukianzia kwenye kompyuta, mstari unaonekana umekamilika hata kama wazo ni changa, nawe unaogopa kuufuta. Kwa mkono, jifunze uzito wa mistari: kilichokatwa kiwe kizito, kinachoonekana nyuma kiwe chepesi, kilicho juu ya kichwa kiwe cha nukta. Mchoro wenye mistari ya uzito mmoja hausomeki, hata ukiwa na vipimo sahihi kabisa.

Modeli: ijaribu juani

Modeli ya banda la Kigombe inahitaji kutengenezwa mara tatu kwa malengo matatu. Ya kwanza ni modeli ya eneo, 1:500, ya boksi lililopangwa kwa tabaka kuonyesha mteremko wa ufuko. Ya pili ni modeli ya kazi, 1:100 au 1:50, isiyopakwa rangi, inayovunjwa na kubandikwa upya kila siku. Ya tatu ni kipande kimoja tu cha jengo, nguzo na paa, kwa skeli ya 1:20 au kubwa zaidi. Modeli nadhifu ya mwisho, kama chuo kinaidai, itazaliwa na hizi tatu.

Usiumizwe na bei ya vifaa vya kuagiza. Boksi la dukani ndilo rafiki mkubwa wa mwanafunzi. Boksi lenye unene wa milimita 4, kwa skeli ya 1:50, ni ukuta wa sentimita 20. Tabaka mbili ni sentimita 40, na hapo umekaribia ukuta wa matumbawe. Chelewa ya ufagio yenye milimita 2, kwa skeli hiyo hiyo, ni boriti ya sentimita 10. Vijiti vya mishikaki ni nguzo kwa skeli kubwa zaidi. Nyuzi za mkonge, zao lililoletwa mkoani Tanga mwaka 1893, hufaa kwa miti na kwa paa la makuti. Mchanga wa pwani uliochujwa na kumwagwa juu ya gundi nyeupe ya mbao unakupa ufuko. Maranda na vipande vya plaiwudi vimo kwa kila seremala, na akikuona unajua kuomba vizuri atakukatia na kitako cha modeli. Makaratasi ya manila, wembe na gundi vipo kila stesheneri.

Kata vizuri. Tumia rula ya chuma, kwani ya plastiki italiwa na kisu. Pitisha kisu kwa wepesi mara tatu nne badala ya kukandamiza mara moja. Ukikandamiza boksi linapondeka na kidole kiko hatarini. Badilisha wembe unapoanza kuchana. Weka gundi kidogo, bana kwa pini, na uiache ikauke wakati unakata kipande kingine. Katika unyevu wa pwani, hasa masika, gundi nyeupe inachelewa kukauka na boksi linajikunja. Usiache kazi karibu na dirisha usiku, na iinue kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji.

Sasa tuje kwenye kile ambacho modeli inakifanya vizuri kuliko mchoro wowote. Ipeleke juani. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba. Mwezi Juni saa sita mchana jua linaegemea kaskazini, na Desemba linaegemea kusini. Wanafunzi waliosoma vitabu vya Ulaya huweka kivuli upande wa kusini peke yake na kuisahau Juni, wakati pwani yetu inataka kivuli pande zote.

Jaribio lake halihitaji umeme. Simamisha kijiti cha sentimita 10 wima kwenye kitako cha modeli, na uchore mshale wa kaskazini. Kisha toka nje na uinamishe na kuizungusha modeli mikononi mwako mpaka kivuli cha kijiti kifikie kipimo unachotaka. Kwa Juni adhuhuri, kivuli kielekee kusini kwa sentimita 5.4. Kwa Desemba adhuhuri, kielekee kaskazini kwa sentimita 3.3. Kwa jua la alasiri lililofika nusu ya njia kati ya utosi na upeo, kielekee mashariki kwa sentimita 10, sawa na kijiti chenyewe. Kila mkao, piga picha ya ndani ya modeli. Utaona wazi kwamba jua la adhuhuri linazuiwa na paa la kawaida, ila lile la alasiri linaingia chini ya paa upande wa magharibi mpaka kwenye meza ya samaki. Jua likiwa katika mkao huo, ukingo wa paa uliotokeza mita 1 unafunika mita 1 tu ya ukuta. Hapo utaamua: kurefusha paa, kuweka mapazia ya makuti, au kuligeuza banda lote.

Upepo nao una njia yake ya kuulizwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia karibu Aprili hadi Septemba. Washa udi, weka feni ndogo upande wa kusini mashariki, na utazame moshi unavyopita ndani ya modeli. Kipimo hiki hakitakupa kasi ya upepo wa kweli, lakini kitakuonyesha palipozibwa. Moshi ukizunguka palepale bila kutoka, ujue harufu ya samaki nayo haitatoka. Kwa mvua, funika paa kwa plastiki nyembamba, mwagia maji kwa kopo lililotobolewa, na ufuate yanakoangukia. Yakianguka juu ya vichanja vya dagaa, umeokoa banda la kweli kwa kopo moja la maji.

Uthabiti wa jengo nao huulizwa kwa modeli. Msanifu Antoni Gaudí, alipobuni kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona, alining'iniza nyuzi zenye vifuko vya risasi kutoka juu, akaziacha zijipinde kwa uzito wake. Umbo linalojitengeneza kwenye uzi unaovutwa, ukiligeuza juu chini, ndilo umbo la tao linalobeba kwa kukandamizwa. Akaipiga picha modeli hiyo, akaigeuza picha, na kuchora jengo juu yake kwa rangi. Tazama jinsi vyombo vyote vitatu vilivyokutana hapo: modeli ilitoa jibu, picha ikalihifadhi, mchoro ukalivisha jengo. Wewe nawe unaweza kuning'iniza uzi wa mkonge na vifundo vya nati ukapata tao la mlango usiohitaji chuma.

Na usiende Ulaya tu kutafuta walimu. Ukiwa Dar es Salaam, tembelea Soko la Kariakoo, lililobuniwa na marehemu msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Tazama nguzo zake za zege zinavyofunguka juu mithili ya miavuli, mmoja kando ya mwingine, kivuli kikiwa kipana na hewa ikipita. Jaribu kuitengeneza nguzo moja tu kwa karatasi ya manila. Utajifunza mengi zaidi kuhusu mikunjo na ugumu kuliko katika mihadhara kadhaa.

Montaji: weka jengo kwa majirani zake

Mwaka 1921, msanifu Ludwig Mies van der Rohe aliingia shindano la kubuni jengo refu la ofisi Friedrichstrasse, Berlin. Alichukua picha halisi ya mtaa, akachora juu yake mnara wa vioo kwa makaa. Mnara haukujengwa, lakini picha ile bado inasomwa vyuoni, kwa sababu nyumba za zamani, nyaya na barabara zimo, na jengo jipya linabidi kujitetea mbele yao. Hiyo ndiyo kazi ya montaji.

Kwa banda la Kigombe, piga picha zako mwenyewe. Simama kama mpita njia, kamera ikiwa usawa wa macho, kama mita 1.6 kutoka ardhini, na uandike mahali uliposimama kwenye ramani, saa, na upande jua lilipo. Chapisha picha kubwa, isiyo na rangi kali. Tafuta mstari wa upeo, ambao pwani unauona wazi: ni pale bahari inapokutana na mbingu. Mistari ya jengo lako inayokwenda mbali, kama sakafu na ukingo wa paa, ikutane kwenye mstari huo. Weka karatasi angavu juu, chora, kata, bandika. Vivuli vya jengo vielekee upande ule ule wa vivuli vya picha. Jicho la mtazamaji hugundua uongo wa kivuli kabla hajaujua.

Watu wa kwenye montaji watoke hapa. Inasikitisha kuona soko la Tanga limejaa watu wa makoti na mbwa wa kamba waliokatwa kutoka majarida ya nje. Weka mama wa kanga na beseni, kijana wa baiskeli yenye kreti nyuma, mzee wa kanzu na bakora, watoto wanaosubiri mashua. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na akikataa, mchore kivuli chake bila sura. Miti nayo iwe ya hapa: mikoko, minazi, mkungu, mwarobaini. Mti una kivuli cha aina yake, na kivuli ni sehemu ya usanifu.

Montaji ina hatari moja kubwa: inaweza kudanganya kwa urahisi. Unaweza kufuta jalala, kuondoa nyaya, kupanda nyasi za kijani palipo na matope, na kila mtu akapenda. Usifanye hivyo. Acha matope, acha mashua iliyotoboka, acha duka la jirani. Kisha fanya picha mbili za mahali pamoja: moja maji yamejaa wakati wa masika, nyingine maji yamekupwa wakati wa kiangazi. Kama jengo lako linapendeza katika picha moja tu, bado hujamaliza kubuni.

Peleka kazi kwa wenyewe, kisha kwa jopo

Kabla ya kwenda mbele ya walimu, irudishe modeli ya kazi Kigombe. Ramani na mkato vinahitaji mtu aliyefundishwa kusoma, lakini modeli inasomwa na kila mtu kwa macho na mkono. Fanya paa liwe la kutoa. Kata vipande vya meza, mizani, vichanja na mashua kwa skeli ile ile, na uwaache wavuvi na kina mama wavisogeze wenyewe. Usitetee. Sikiliza, andika, piga picha ya kila mpangilio waliouweka. Mama mmoja akisema beseni halipiti hapo, hiyo ni tathmini yenye uzito kuliko alama nyingi.

Mbele ya jopo, panga kazi kwa mfuatano wa maswali: ulichopima, ulichouliza, ulichokuta, ulichoamua. Bandika na majaribio yaliyoshindikana, lakini machache, kila moja na sentensi moja ya lilichokufundisha. Modeli iwekwe mahali mwalimu anaweza kuinama akatazama ndani kwa usawa wa macho ya mtu mdogo wa 1:50. Sema kwa ufupi, kisha uache michoro iseme. Ukiulizwa jambo ambalo hukulifanyia kazi, sema hivyo, kisha eleza ni chombo gani kingekupa jibu. Mwalimu mzuri atalitambua jibu hilo.

Baada ya jopo, piga picha modeli zote siku hiyo hiyo, kwa mwanga wa kando wa asubuhi, na kitambaa cheusi au ukuta mtupu nyuma yake. Boksi halidumu katika hewa ya chumvi. Picha na michoro ndivyo vitakavyoingia kwenye jalada la kazi zako, ambalo ndilo utakaloombea kazi, na ndilo litakalokusindikiza katika njia ndefu ya mafunzo kazini na mitihani mpaka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ikusajili.

Neno kwa wazazi, walimu na mafundi

Mzazi, boksi na wembe sebuleni ni vitabu vya mwanao; mpe meza na taa. Mwalimu wa sekondari, somo la hesabu la vipimo na pembetatu halina darasa bora kuliko baraza la nyumba ya Ngamiani. Fundi seremala na fundi mwashi, mpokee mwanafunzi anayekuja kuuliza, kwa sababu mchoro usiojua mkono wa fundi utaishia kukusumbua wewe kazini.

Nawe mwanafunzi, kumbuka kwamba vipimo vyako vinaweza kuishi kuliko jengo. Mwanaakiolojia Peter Garlake alichapisha mwaka 1966 kitabu cha usanifu wa zamani wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, chenye michoro iliyopimwa ya misikiti, nyumba na makaburi ya mawe. Kuta kadhaa alizozipima zimeendelea kubomoka, michoro ipo, na watafiti bado wanaitegemea. Mjini Tanga na Pangani nyumba za zamani zinaanguka au kubomolewa bila mtu kuacha hata mchoro mmoja wenye vipimo. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala shahada. Likizo ijayo, chukua futi kamba, daftari na mwenzako mmoja, mkapige hodi. Pimeni nyumba moja, ichoreni kikamilifu, na nakala mumpe mwenye nyumba.